Toroli la Kapteni Rodda

Mjukuu wangu Kezia, akiwa na miaka mitatu, alimwita baba yake "mtu wa Jumapili." Hakumwita hivyo kwa ubaya. Siku sita za juma mwanangu Digory alitoka nyumbani gizani na kurudi gizani, kwa sababu mgodi wa Tamsin ulimshika mtu kwa muda wa saa kumi na mbili, na kuupanda mlima na kuushuka ni juu yako mwenyewe. Mtoto alimwona baba yake kwa mwanga wa jua siku moja tu, tena akiwa ndani ya koti la kanisani. Baba akimpakata, Kezia hunigeukia mimi na kunitazama, kana kwamba anauliza huyu mgeni ataaga saa ngapi.

Digory alikuwa akicheka. Lakini Jumapili moja nilimwona jikoni ananawa, mtoto amemkimbia kwenda kujificha nyuma ya sketi ya mama yake, naye akaendelea kunawa uso uliokwisha kutakata zamani, kisha akaufunika kwa taulo na kukaa hivyo. Mimi ndiye niliyemzaa. Najua mtu anayejikausha na mtu anayejificha ndani ya taulo.

Basi uchaguzi wa gavana mwaka ule sikuuchukulia kama maonyesho ya wapanda farasi. Waliosimama walikuwa wawili. Bwana Ashcombe alikuwa wa wenye migodi, na alisema mchimbaji mzuri hahesabu saa. Jaji Lindgren alisema saa nane za kazi kwa siku, hakuna zaidi, na mkaguzi wa serikali atapanda kila mlima wa Colorado kuhakikisha. Nilimsikia kwa masikio yangu, amesimama juu ya gari la mizigo mbele ya duka, mvua inamnyeshea na hakuomba mwavuli. Nikasema moyoni, huyu ndiye wetu.

Wanaume wetu walikuwa na kura ya siri, lakini siri ya mchimbaji ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Msimamizi anakuuliza utampa nani. Ukisita kidogo tu, juma lijalo unajikuta unachimba mahali penye maji ya magotini. Sisi wanawake wa Colorado nasi tulikuwa na kura, na hatukuwa na msimamizi. Mimi atanihamisha nani, kutoka jiko hili anipeleke jiko gani? Na katika Korongo letu la Carrick wanawake tulikuwa wengi, maana hata mjane anapiga kura, na mgodi ule ulikuwa umetengeneza wajane wa kutosha.

Hilo Kapteni Jabez Rodda alilijua.

Kapteni kwetu si mtu wa meli. Ndiye mkuu wa mgodi, anayewajibu wenye mali. Jabez na mimi tulitoka kijiji kimoja ng'ambo, huko Cornwall. Shule niliiacha mapema nikashika nyundo, nikivunja mawe ya shaba uwanjani pamoja na wasichana wenzangu, na yeye ndiye alikuwa akisukuma toroli la mawe kutuletea. Alikuwa anayamwaga karibu na vidole vyangu vya miguu makusudi. Kwa hiyo hata alipovaa kofia ya Kapteni, sikuweza kumwogopa vizuri.

Tena nilikuwa namdai toroli.

Kwetu watu hawaweki dola kwenye uchaguzi, maana mhubiri wa kanisa letu la Kimethodisti angewataja kwa majina mimbarani. Ila toroli si kamari. Mnashindana nani atapita. Aliyekosea anamsukuma aliyepatia ndani ya toroli mbele ya mji mzima, na tarumbeta ikipatikana ni vizuri zaidi. Mhubiri mwenyewe aliwahi kusukumwa, akawapungia watu kofia njia nzima. Sasa, miaka miwili nyuma, kwenye uchaguzi wa sherifu, Kapteni alinicheka dukani, nikamwambia tushikane mikono. Atakayeshindwa amsukume mwenzake kutoka mlangoni kwake hadi popote atakapoelekezwa kwa kidole. Sherifu wangu akapita. Kapteni akaanza kuumwa mgongo. Mgongo ukapona, theluji ikaanguka. Theluji ikayeyuka, akafiwa na shangazi. Huyo shangazi tulimzika zamani kijijini, nikiwa bado nasuka nywele mikia miwili. Sikumsumbua. Nimeoka mikate maisha yangu yote, najua kitu kinachoachwa kiumuke.

Majuma mawili kabla ya kura, tangazo likabandikwa dukani. Siku zote tulipigia kura shuleni. Safari hii, lilisema, jiko la shule limepasuka na watu wasije wakaugua kwa baridi, kwa hiyo kura zitapigwa ndani ya nyumba ya shimo ya mgodi wa Tamsin, kwa hisani ya Kapteni Rodda.

Nyumba ya shimo ni lile jengo refu la mbao linalofunika mdomo wa shimo, ndani yake kamba ya chuma inashusha kizimba cha watu na kukipandisha. Mwanamke havuki kizingiti chake. Uwanjani hapana neno, hata uvunje mawe hadi uzeeke. Lakini mguu wa mwanamke ukikanyaga kizingiti cha nyumba ya shimo, wale wagongaji, vibwengo wadogo wanaoishi kwenye miamba, wanaondoka, na wakiondoka hakuna wa kuwagongea watu wetu dari inapotaka kuanguka. Mama zetu walilijua hilo, na mama zao. Jabez alilijua kwa sababu bibi yake ndiye aliyetufundisha sote.

Mchana wa siku ya pili yake, wanawake walijaa jikoni kwangu. Tryphena, mke wa Digory, alimimina chai.

"Ametufungia mlango bila kutumia komeo," akasema.

"Tuandike kwa wakubwa wa kaunti," akasema Bi Peternell Uren, mwanamke mkubwa, mwenye sauti inayotosha kwaya nzima.

"Tumeshapeleka mtu," nikamwambia. "Wamesema muda wa kubadilisha umepita."

Mwalimu wa shule, Bibi Abernathy, alikuwa amekaa karibu na dirisha. Alikuwa msichana mzuri, ametoka Denver, na jiko lake la shule alisema halina hata ufa. "Jamani," akasema, "huo ni ushirikina tu. Ingieni. Nitatangulia mimi."

Hakuna aliyemkasirikia.

"Mwanangu," nikamwambia, "wewe huna mtu anayening'inia kwenye ile kamba."

Akaona haya kidogo, na kwa hilo nilimpenda. Tryphena akaweka birika mezani. "Mama, mimi namtaka Jaji kuliko yeyote humu ndani. Lakini nikikanyaga pale, halafu juma lijalo waje kuniita... nitaishije? Nitamwambia nini Kezia?"

"Hutakanyaga," nikasema.

"Basi hatutapiga kura."

"Utapiga. Kunywa chai."

Bi Uren akanitazama kwa jicho la pembeni. "Loveday Trembath, una nini wewe?"

"Nina deni la kudai. Nyinyi siku hiyo njooni hadi uwanjani, mvae soksi nene na msimame. Uwanjani hapana mkosi. Waume zenu watakuwepo, maana siku ya kura zamu ya asubuhi inachelewa ili wapige kwanza. Mengine niachieni."

Bi Uren hakupenda kuachwa nje ya jambo, akakaa hadi chai ikaisha na mkate wa zafarani ukaisha, lakini hakupata zaidi ya hapo. Jambo likijulikana kwa Peternell linajulikana na mlima.

Jumanne ya kura ilikuja na baridi kavu. Nilivaa kofia yangu ya Pasaka. Tryphena akanisaidia kuliweka toroli la kuni mbele ya mlango, nikatandika mto, nikakaa, nikafunika magoti kwa blanketi, na miguu nikaikunja juu ya mto. Kezia akataka kupanda na mimi, nikamwambia leo si zamu yake. Kisha nikangoja. Kapteni hupita njia yetu kila asubuhi, na ana mwendo kama saa ya stesheni.

Akaja na wachimbaji nyuma yake, kundi zima, Digory mmoja wao. Aliponiona akapunguza mwendo.

"Habari za asubuhi, Kapteni," nikasema. "Mgongo unaonaje leo?"

"Mgongo mzima, Bi Loveday, namshukuru Mungu," akajibu, na papo hapo nikaona anajuta.

"Theluji hakuna, na sijasikia msiba."

Wachimbaji wakaanza kukohoa, kila mmoja ndani ya skafu yake.

"Leo ni siku ya kura, Mama," akasema. "Nina kazi. Nitakulipa Jumamosi, neno langu."

"Neno lako ninalo tangu sherifu. Sasa nataka toroli."

Zacky Uren, mume wa Peternell, mwanamume mwembamba kama ufito, akasema kwa upole, "Ahadi ni deni, Kapteni." Na mtu mwingine huko nyuma, ambaye sikumwona, akasema hajui kama anaweza kushuka shimoni chini ya mtu asiyelipa.

Jabez alitazama juu, akatazama chini, akavua glovu na kuzivaa tena. Akashika mikono ya toroli. Zacky alikuwa na tarumbeta yake ndani ya koti. Alivyojua aje nayo, mimi sijui. Akapiga wimbo wa kanisani, ule wa kuvuka mto, na tukaondoka.

Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Watu walifungua madirisha. Mwenye duka alitoka na aproni yake. Kapteni alihema kama farasi wa makaa, lakini alisukuma sawa, mkono wake haujasahau. Tulipofika kanisani akapunguza.

"Hapa, Bi Loveday? Ukamshukuru Mungu?"

"Nitamshukuru kule juu. Songa."

Tulipofika njia panda, nikatoa mkono ndani ya blanketi nikanyoosha kidole. Kidole kilielekea mlimani, kwenye lile jengo refu la mbao.

Toroli likasimama. Tarumbeta ikakatika katikati ya mto.

"Hapana," akasema.

"Popote nitakapoelekeza. Tulishikana mikono."

"Loveday, pale huwezi."

"Nifikishe mlangoni kwanza. Mlangoni tutazungumza."

Akanifikisha. Uwanjani wanawake walikuwa wamesimama kama nilivyowaambia, soksi nene, shali kichwani, Tryphena ametangulia kwa njia ya mkato na Kezia mgongoni. Wanaume walijipanga upande wa pili. Kizingiti kilikuwa mbele ya gurudumu, gogo la msonobari lililolika katikati kwa buti za watu wetu. Ndani niliiona ile kamba, inang'aa kwa grisi.

Jabez alishusha toroli, akaja mbele yangu, na hakuwa tena anajifanya. "Unajua mwenyewe," akasema kwa sauti ndogo. "Nimeshusha watu mia kwa kamba hii. Mwanamke havuki hapa."

"Bibi yako alisemaje, Jabez?"

"Unajua alivyosema."

"Nataka useme wewe."

Akasema, "Mguu wa mwanamke usikanyage kizingiti cha nyumba ya shimo."

"Mguu," nikasema. "Miguu yangu iko juu ya mto. Kitakachovuka hapa ni gurudumu, na magurudumu yanavuka hapa kutwa nzima."

Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe sikucheka, maana niliamini kama alivyoamini yeye, na kama ningeona shaka hata kidogo ningegeuza toroli nirudi nyumbani. Aliwaza muda mrefu. Wanaume nao waliwaza, niliwaona midomo yao ikiyapitia yale maneno ya bibi kizee moja baada ya jingine. Kisha Jabez akainama. Nikadhani ananisujudia, kumbe anakagua. Akachukua pindo la sketi yangu lililoning'inia, akalikunja na kulichomeka chini ya blanketi, vizuri kabisa, pande zote mbili.

"Miaka miwili ulikuwa unaningoja kwa ajili ya hili?" akaniuliza akiwa bado ameinama.

"Hapana. Miaka miwili nilikuwa nangoja tu. Wewe ndiye uliyenipa pa kwenda."

Akashika mikono ya toroli, akasema "Bwana atulinde," na tukavuka.

Karani wa kura alikuwa mtu wa bondeni, Bwana Ottley, miwani puani, hajui habari za wagongaji wala za sherifu. Aliniona nikija nimeketi kama malkia na Kapteni wa mgodi anatokwa jasho, akainuka.

"Mama ni mgonjwa?"

"Mzima kabisa. Nimekuja kupiga kura."

"Basi ashuke aingie kwenye pazia."

"Hashuki," akasema Jabez haraka kuliko mimi.

Bwana Ottley akafungua kijitabu cha sheria, akalamba kidole, akatafuta. "Mpiga kura awe peke yake nyuma ya pazia," akasoma. Akageuza ukurasa. "Haisemi awe amesimama." Akafunga. Lakini pazia halikulitosha toroli. Nusu yangu iliingia, mikono ya toroli ikabaki nje, na Jabez ameishika kwa sababu sakafu ile ina mteremko, na mteremko wake unaelekea kwenye shimo.

"Geuza uso, Kapteni," nikamwambia.

"Nimegeuza."

"Na usiachie."

"Siachii, Loveday. Weka alama yako twende."

Nikaweka. Alama niliyoweka sikuificha wala sikuitangaza, na aliyenishikia toroli alijua ni ipi.

Tulipotoka, ule uwanja ulikuwa kama mzinga wa nyuki. Na hapa ndipo Jabez alipogundua alichofanya. Mgodi una matoroli mengi kuliko viti. Mwanamume aliyeogopa kuonekana anamsukuma mkewe kwenda kumpigia Jaji kura alikuwa amemwona Kapteni mwenyewe akimsukuma Loveday Trembath. Kapteni akisukuma, nani atahamishiwa kwenye maji kwa kusukuma?

Digory ndiye aliyetangulia. Alichukua toroli la mawe, akatandaza koti lake ndani, akamwinua Tryphena akamkalisha. Tryphena alifumba macho, ameshika kingo, na alipofika kwenye gogo nilimwona anakaza midomo.

"Kiatu cha kushoto," akasema Kapteni. "Kiatu cha kushoto kimetoka nje, Digory. Simama." Akaenda mwenyewe akakirudisha ndani.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile yote. Hakuweza kuondoka pale. Aliogopa mtu asije akakosea. Alisimama kwenye kizingiti, kofia imelala upande, akiwavusha wanawake wa Carrick mmoja baada ya mwingine. Bi Uren alipokuja, Zacky aliinua mikono ya toroli na toroli halikuinuka. Zacky ndiye aliyeinuka.

"Nilikwambia unywe uji," akasema Peternell kutoka juu.

Walihitajika wanaume watatu, na gurudumu lilipogonga gogo, yeye akayumba na kunyoosha miguu yake mbele ili ajizuie.

"Miguu juu, Bi Uren," akapaza sauti Kapteni, ameishika yote miwili kifuani pake. "Miguu juu, mama yangu, nakuomba."

Bibi Abernathy alifika mwisho. Angeweza kutembea, na miguu yake haikuwa na hofu. Alisimama mbele ya toroli langu, akaniambia, "Bibi, unaniazima?" Nikateremka uwanjani, akapanda, na Digory akamvusha.

Siku ya pili yake jioni habari zikaja kwa waya dukani. Jaji Lindgren amepita, si kwa wingi mkubwa, lakini amepita, na sanduku la Carrick lilikuwa lake karibu lote. Kapteni alikuwa ananunua tumbaku. Akanitazama.

"Safari hii hatukushindana, Bi Loveday."

"Hatukushindana. Ulinisukuma bure."

Akatikisa kichwa, na nadhani alitabasamu, ingawa masharubu yake yale hayasemi.

Sheria haikuja kesho yake. Gavana akaapishwa, waheshimiwa huko Denver wakavutana majira ya baridi yote, mmoja akilala, mwingine akiugua ghafla siku ya kupiga kura. Watu wakaniuliza, Bi Loveday, iko wapi ile saa nane yako? Nikawaambia ninaoka. Na kamba ya Tamsin ilikaa imara, hata wagongaji walisikika wakigonga kama kawaida, Digory mwenyewe aliwasikia akawaachia ncha ya sambusa yake ya nyama na viazi.

Ulipofika mwezi wa Juni, sheria imeshapita, alasiri moja nilikuwa barazani namenya tanipu. Kezia amekaa kwenye ngazi. Kipenga cha mgodi kikalia, na jua lilikuwa bado liko juu ya mlima, zima, la njano. Wanaume wakaanza kushuka, mikono imekinga macho kama watu waliotoka kwenye pishi.

Kezia akasimama.

"Bibi, leo Jumapili?"

"Leo Jumatano."

Alifikiri. "Mbona mtu wa Jumapili anakuja?"

"Nenda ukamwulize."

Akashuka ngazi moja moja kwa matako, kisha akaenda hadi kwenye uzio akasimama. Digory alifika akachuchumaa mbele yake, mchafu vile vile alivyotoka, vumbi hadi kwenye kope, na safari hii hakuwa na taulo. Mtoto akamgusa shavu kwa kidole. Akakitazama kile kidole kilivyokuwa cheusi, akakipangusa kwenye koti la baba yake bila kuomba ruhusa, kama mtu aliye kwake.